Serikali ina haja gani ya kujua rangi yangu?

SWALI: Nina mimba ya miezi sita. Fomu ya kliniki ya serikali inaniuliza rangi na asili yangu. Mume wangu anasema nijaze tu, ila moyo wangu unasita. Wanataka kujua ili iweje?

JIBU: Dada yangu, moyo wako unasita kwa haki. Nchini Rwanda kabila liliandikwa kwenye kitambulisho tangu enzi za Wabelgiji, na mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha mtu auawe. Uholanzi ilikuwa na masjala ya wakazi iliyopangwa vizuri mno. Wanazi wa Ujerumani walipoingia, wakaitumia kuwasaka Wayahudi. Machi 1943 wapinzani wao waliichoma moto masjala ya Amsterdam, lakini Wayahudi wengi walikwisha kuchukuliwa.

Hapo kabila au dini ilikaa kando ya jina la mtu, kwenye daftari ambalo watawala waliweza kulifungua. Hilo nalipinga kabisa, serikali iwe njema kiasi gani, kwa sababu serikali hubadilika na daftari hubaki.

Kukusanya habari hizo ili kutoa takwimu zisizo na majina ni jambo jingine, na hilo naliunga mkono. Sensa ya Uingereza huuliza asili tangu 1991, na hospitali zake nazo huiandika. Ndiyo maana leo inajulikana kwamba huko wanawake weusi hufariki kwa sababu za uzazi kwa kiwango kikubwa kuliko weupe. Ufaransa sensa haiulizi rangi. Mama mweusi wa huko akilalamika kwamba wenzake wanahudumiwa vibaya, ataonyesha takwimu gani? (Najua hata hesabu tupu zina hatari: mwaka 1942 Marekani ilitumia takwimu za sensa kujua mitaa wanakoishi watu wenye asili ya Japani, kabla ya kuwafungia kambini.)

Fomu yako ina jina, kwa hiyo usiijaze kimyakimya. Muulize muuguzi: nani mwingine huiona? Jina huondolewa kabla ya takwimu kutumwa? Asili yangu naitaja mwenyewe, au karani ananikadiria kwa kunitazama? Ukiambiwa kwamba sheria inaifungia ndani ya huduma za afya, jaza. Takwimu hizo zinawahusu akina mama kama wewe. Ukisikia polisi au idara ya uhamiaji wanaweza kuiomba, acha kipengele hicho wazi. Wakikunyima huduma kwa sababu hiyo, dai jibu la maandishi kutoka kwa mkuu wa kliniki, kisha niandikie tena.