Simu iende chumba kingine

Umeuliza kwa nini kila ukifungua kitabu, kurasa mbili tu mkono unaifuata simu, na kama wiki moja bila habari itasaidia. Itasaidia, ila usizime kila kitu kwa mpigo. Wanaofanya hivyo mara nyingi hurudi mapema, maana kuna ujumbe wa kazini au wa nyumbani wanaousubiri.

Anza na arifa. Ingia kwenye mipangilio, zima arifa za programu zote za habari na mitandao ya kijamii, uache simu za kupigiwa na SMS tu. Kisha simu yenyewe iende chumba kingine. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi, kwani ikiwa karibu akili inaendelea kuichungulia. Tafuta na saa ya kengele, kwa sababu simu inayokuamsha ndiyo hiyo hiyo itakayokumwagia habari kabla hujanawa uso.

Soma dakika 20, saa ile ile kila siku. Chomeka kikaratasi na penseli ndani ya kitabu; ukikuta neno usilolijua, liandike uendelee. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: mtu anashika simu atafute maana ya neno moja, nusu saa baadaye yuko kwenye video za mapishi. (Kamusi ya karatasi haina video.)

Kitabu cha kwanza kiwe chepesi, hadithi fupi hasa. Kikikuchosha hadi ukurasa wa 50, kiache bila aibu. Habari soma mara moja kwa siku, mchana, si kitandani.