Mawazo yakihama katikati ya rozari

Tumsifu Yesu Kristo, dada. Umeuliza kama rozari unayosali huku mawazo yako sokoni ni kazi bure. Hapana, si bure.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliona hilo karne ya 13: ukianza kusali kwa nia ya kweli, nia ile inaibeba sala hata akili ikiteleza baadaye. Ila ukijua umehama na ukaamua kubaki hukohuko kwa makusudi, hapo una la kuungama. Katekisimu nayo, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 2729, inasema kuanza kuwinda mawazo hayo ili uyafukuze ni kunasa kwenye mtego wake. Inatosha kurudi moyoni. Tena inaongeza kwamba kinachokuhamisha kinakuonyesha moyo wako umeshikwa na nini.

Mimi jana nilifika tendo la tatu la uchungu (fungu la rozari la kutafakari Yesu akivikwa taji la miiba), vidole viko punje ya saba, nikagundua napiga hesabu ya ada ya mtoto. Sikurudia toka mwanzo (kurudia ndiko kunakotuchosha wengi hadi tunaacha kabisa). Nilimwambia Mama Maria habari ya ile ada, nikaendelea na punje ya nane.

Na Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa aliyetangazwa Mwalimu wa Kanisa (mtakatifu ambaye mafundisho yake Kanisa linayaheshimu kwa namna ya pekee) mwaka 1970, aliandika mwenyewe kwamba kwa miaka kadhaa, mara nyingi sana, alitamani zaidi saa ya sala iishe. Lakini alirudi kusali.