Nyaya hukazwa, zege hubanwa

Swali: Nahariri maelezo ya ujenzi wa daraja yaliyotafsiriwa kutoka lugha ya kigeni. Yanataja "nguvu ya boriti za zege lililosisitizwa kabla". Mafundi niliowasomea hawakuelewa kitu. Niandikeje?

Jibu: Mafundi wako hawana kosa. Kinachosisitizwa ni hoja, wito, au silabi ndani ya neno, zege halisisitizwi. Mtafsiri alikuta neno lenye maana mbili akachukua ile isiyohusu ujenzi.

Tazama kinachofanyika kazini. Nyaya ngumu za chuma huvutwa kwa jeki, kisha hushikizwa ndani ya boriti zikiwa bado zimevutika. Zinataka kurudi kwenye urefu wake wa mwanzo, haziwezi, kwa hiyo zinalibana zege. Ni kama mshipi: mshipi hukazwa, kiuno hubanwa. Wengi huandika "zege lililokazwa", nami silikatai, ila "lililobanwa" linasema hasa kilicholipata zege.

Na kubanwa huko ndiyo siri yote. Zege hustahimili sana kubanwa, lakini likivutwa lina takriban sehemu moja tu ya kumi ya nguvu hizo. Boriti ikiwekewa mzigo, upande wa juu hujibana na wa chini hutanuka, ndiyo maana ufa huanzia chini. Ukiubana mapema upande huo wa chini, mzigo utalazimika kuumaliza kwanza mbano huo ndipo uanze kulivuta zege. Mfaransa Eugène Freyssinet alichukua hataza ya njia hii mwaka 1928, na daraja lake la Luzancy lilivuka mto Marne kwa urefu wa mita 55, mwaka 1946.

"Kabla" nalo liondoe. Msomaji atauliza: kabla ya nini? Atadhani ni kabla ya kumwaga zege, na mara nyingine ni hivyo. Lakini kuna boriti ambazo nyaya zake huvutwa zege likiwa limeshakauka na kushika, zikipita kwenye mirija iliyoachwa ndani. Njia zote mbili hutangulia mzigo. "Awali" linazibeba zote bila kumkwaza mtu.

Kuhusu "nguvu", ni neno sahihi ila hapa halitoshi. Kubana huongeza sana mzigo ambao boriti itaubeba bila kupasuka. Mzigo wa kuivunja kabisa hauongezeki kwa kiasi hicho. Mhandisi atataka kujua unasema upi. Kama ni huo wa kwanza, andika: "uwezo wa boriti za zege lililobanwa awali kubeba mzigo bila kupata ufa". Na kwa kuwa wasomaji wako ni mafundi, weka "bimu" badala ya "boriti". Ndilo neno lao, na boriti kwao huenda ikawa ya mti.

Nyaya hizo usiziite nondo. Nondo za kawaida hufungwa na kulazwa tu, zege likamwagwa juu yake; hakuna anayezivuta.