Usikimbilie jiko kubwa zaidi

Ndugu, umesema jiko la kuni la karakana yako linakula kuni nyingi na joto halitoshi, kwa hiyo unataka kubwa zaidi. Ngoja kwanza. Jiko likiwa kubwa mno kwa chumba utalibana hewa ili lisikuchome, na moto uliobanwa hutoa moshi mzito unaoganda ndani ya bomba kama lami. Lami hiyo ikishika moto, paa liko hatarini.

Mimi ningeanza na kuni. Mti uliokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji, na moto hupoteza nguvu kuyachemsha. Pasua, panga penye upepo na pasiponyeshewa mvua, mwaka mzima au zaidi, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Kagua pia kamba ya kuziba mlango wa jiko. Ikichakaa, hewa huingia ovyo.

Ukiamua kubadilisha, chagua jiko linaloingiza hewa ya pili juu ya moto, maana huunguza hata moshi wenyewe. Na tafadhali sana, weka king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto. Gesi hiyo haina harufu.