Kifaranga mwenye mgongo uliopinda

Yaya, kuhusu vifaranga wako ulioniuliza: huyo aliyetoka kwenye yai na mgongo umepinda hatanyooka. Mara nyingi ni kilema cha kurithi. Mfuge, nyama yake italiwa bila shida, ila mayai yake usiyaatamishe. Lakini hao wawili walioanza kuchechemea, wenye mdomo laini unaopindika ukiubonyeza, naona wana matege, yaani mifupa laini: jua hawalipati humo ndani, na pumba ya mahindi peke yake haina kalsiamu ya kutosha. Watoe juani kila siku, mvua ya Bukavu ikikubali (!), na uwasagie sambaza kavu (samaki wadogo wa ziwani) za soko la Kadutu, zisizo na chumvi, maana chumvi nyingi inaua vifaranga. Mguu mmoja ukienda mbele na mwingine nyuma, hiyo huenda ni Marek, ugonjwa wa virusi wa kuku, si mifupa. Mtenge huyo haraka.