Kama Hakuna Anayeniona, Kwa Nini Nijizuie?

Barua tatu za toleo hili zimetoka kwa wanafunzi wa shule moja ya bweni mkoani Tanga, ambao wananiarifu kwamba kila Jumamosi jioni hukaa chini ya mkungu na kujadiliana maswali yasiyomo katika mtihani wowote. Nimeamua kuzijibu pamoja, kwa kuwa kila nilipoanza kuijibu moja nilijikuta nimekwisha kuigusa nyingine.

*Shikamoo mwalimu. Katika mtihani wa majaribio msimamizi alitoka nje kwa muda mrefu, na karatasi ya mwenzangu aliye hodari kuliko mimi ilikuwa wazi mbele ya macho yangu. Sikuitazama, lakini hadi leo sijui kwa nini. Wenzangu wanasema niliogopa tu. Je, mtu asiyeonekana na yeyote ana sababu gani ya kutenda mema?*

Marahaba, mwanangu. Swali lako lina umri wa zaidi ya miaka 2,300. Katika sehemu ya pili ya kitabu chake kiitwacho Jamhuri, mwanafalsafa Plato wa Athens anamleta kijana aitwaye Glaucon, ambaye anasimulia habari za mchungaji mmoja wa Lidia aliyeokota pete kwenye ufa uliofunguka ardhini baada ya tetemeko. Mchungaji yule aligundua kwamba akiigeuza pete ile kidoleni haonekani tena, na haukupita muda akawa amemtongoza malkia, amemuua mfalme na kuukalia ufalme. Glaucon anamtaka Socrates, mwalimu wake Plato, aeleze: kama pete mbili za namna hiyo zingekuwapo, moja apewe mwadilifu na nyingine mwovu, nani angeiona tofauti kati ya matendo yao? Wenzako wa chini ya mkungu wamesimama upande wa Glaucon, nao wasibezwe, kwa sababu Socrates mwenyewe alihitaji sehemu yote iliyobaki ya kitabu kumjibu.

Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba dhuluma humwathiri kwanza yule anayeitenda, kwa kuwa huivuruga nafsi yake hadi tamaa ikatawala mahali palipopaswa kutawaliwa na akili. Mimi ningependa uongeze juu ya hapo mfano mmoja wa mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, alioutoa mwaka 1785. Mwenye duka hampunji mtoto aliyetumwa dukani, bali humuuzia kwa bei ileile anayowauzia watu wazima. Tendo lake ni sahihi. Lakini ikiwa anafanya hivyo ili duka lake lisipoteze jina zuri, Kant anasema tendo hilo halina thamani ya kimaadili, kwa maana siku faida itakapohamia upande wa pili, naye atahama nayo. Kwa hiyo usijiulize tu kama ulitenda sawa. Jiulize macho yako yalikuwa wapi dakika zile. Mwenye kuogopa huutazama mlango na kuusikiliza mlio wa viatu vya msimamizi. Kama wewe ulimfikiria mwenzako aliyekesha akisoma, au ulijiona ukiandika jina lako juu ya kazi isiyo yako, basi kilichokuzuia hakikuwa hofu, na wenzako wamekosea kukipa jina hilo.

Najua wapo watakaosema kwamba hakuna asiyeonekana, kwa kuwa Mwenyezi Mungu anaona. Sina ugomvi na jibu hilo, nami ni muumini. Lakini kumbukeni kwamba Bi Rabia wa Basra, mcha Mungu wa Kiislamu aliyeishi katika karne ya 8, anatajwa hadi leo kwa dua ya kuomba asimwabudu Mola wake kwa kuogopa moto wala kwa kutamani pepo, bali kwa ajili yake Mola mwenyewe. Swali la pete limo hata ndani ya ibada.

*Mama yangu ni Msambaa na baba yangu ni Mdigo. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, darasani tunafundishwa kwa Kiingereza, na Kisambaa ninakielewa kwa shida. Nikienda Lushoto likizo, bibi ananiambia kwamba mimi si yule aliyemlea. Je, mimi ni yuleyule?*

Ukitembea pwani ambako majahazi hupandishwa nchi kavu kutengenezwa, utamwona fundi aking'oa ubao uliooza na kutia mpya, mwaka huu wa ubavuni, mwaka kesho wa tezi. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, aliandika kwamba Waathene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa namna hiyohiyo, mpaka wanafalsafa wakabishana kama bado ni ile ile. Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye kitabu chake mwaka 1694, alisema kwamba kwa binadamu jambo la kutazamwa si mwili bali ufahamu: wewe ni yule wa jana kwa sababu unayakumbuka ya jana kuwa ni yako.

Jibu la Locke limenivutia kwa miaka mingi, lakini barua yako imenionyesha pengo lake waziwazi kuliko vitabu. Wewe huukumbuki mwaka wako wa kwanza, wala mgongo uliokubeba, wala homa uliyougua usiku bibi akakesha nawe. Je, mtoto yule hakuwa wewe? Alikuwa wewe, na sehemu hiyo ya maisha yako imehifadhiwa katika kumbukumbu ya mtu mwingine. Hapo ndipo ninapoielewa kauli ya Mkenya John Mbiti, aliyoiandika mwaka 1969 kueleza namna Mwafrika anavyojitambua: nipo kwa sababu tupo, na kwa kuwa tupo, basi nipo. Watu wengi huisoma kama wito wa kusaidiana. Mimi huisoma kwanza kama maelezo ya jambo lilivyo: huwezi kuisimulia habari yako nzima peke yako. Bibi akisema umebadilika, sidhani kwamba anakukana. Anakudai.

Hata hivyo nisingependa mchukue methali ya "mtu ni watu" mkailalia kama mto. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipowahoji wazee wenye hekima vijijini, aliwatofautisha wanaoijua vyema hekima ya watu wao na kuirudia, na wale wanaoipima na hata kuipinga inapokosea. Wote ni wenye hekima, lakini wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Basi ulizeni: watu ninaotokana nao wakinitaka ninyamazie dhuluma, mimi ni nani wakati huo? Lugha yetu imetoa utu katika mzizi mmoja na mtu, na kwa maoni yangu utu ndio kipimo ambacho hata jamaa hupimwa nacho. Nawe likizo ijayo mwombe bibi akusimulie miaka usiyoikumbuka, tena akusimulie kwa Kisambaa, hata kama utaelewa nusu.

*Wazazi wanasema nikifaulu na kuwa daktari nitakuwa na furaha. Dada yangu alifaulu, ana kazi nzuri, na hana furaha. Furaha ni nini hasa?*

Kabla ya falsafa, neno moja la dhati: ikiwa huzuni ya dada yako imechukua majuma na kumwondolea usingizi na hamu ya kula, mshaurini amwone daktari, na msimwachie wanafalsafa kazi hiyo.

Kuhusu swali lenyewe, Kiswahili kimeshakusaidia kwa kutenganisha raha, furaha na heri. Raha huisikia mwili, furaha huja na habari njema na kuondoka, lakini heri ndiyo tunayotakiana mwaka unapoanza na tunapoagana. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alipouliza lengo la maisha ya binadamu ni nini, alichokitafuta, nionavyo mimi, kilikuwa karibu zaidi na heri. Alisema hupatikana katika kutenda kwa wema, tena katika maisha kamili, kwa kuwa mbayuwayu mmoja haleti majira. Mwaka 1974 mwanafalsafa Mmarekani Robert Nozick aliuliza kama tungekubali kuunganishwa maisha yetu yote na mashine inayotupa hisia zozote tuzitakazo, huku tukiamini kwamba yote ni kweli. Yeye aliona tusingekubali, kwa sababu tunataka kuyatenda mambo, si kuhisi tu kwamba tumeyatenda.

Wazazi wako wamekutajia cheo, na cheo si tendo. Ukimwandikia dada, usimuulize kama ana furaha. Muulize ni saa ipi ya siku yake ya kazi ambayo asingekubali kuibadilisha na kitu kingine, na kama hakuna, ilikuwapo lini mara ya mwisho.