Nguo ya mtoto iliyonyewa hufuliwa, na mama mkwe wako mwache akae

*Shangazi, shikamoo. Nina mtoto mmoja wa miezi minne na nusu, naishi Igogo kule juu mlimani, hapa Mwanza. Mume wangu anauza dagaa mwaloni Kirumba. Likizo ya uzazi iliisha nikarudi kazini dukani, na mama mkwe amekuja kutoka Ngudu kunisaidia mtoto. Tatizo langu ni nguo. Tangu nianze kumpa maziwa ya kopo, mtoto anachafua hadi mgongoni, wakati mwingine hadi shingoni. Zile zilizoharibika kabisa, moja mbili tu, nilikuwa nazifunga na kuzitupa korongoni. Juzi mama mkwe akaziokota, maji yalikuwa yamekatika akashuka nazo ziwani, akazifua, akaja kuzianika juu ya jiwe mbele ya wapangaji wote. Nilitamani ardhi ipasuke. Mume wangu naye kasema hanunui nguo tena, eti hii ni mara ya tatu. Mama hagombi, ila ananisema kwa mafumbo, hata maziwa ya kopo yanamkera. Je, ni kosa kutupa nguo iliyonyewa kiasi hicho? Na nimwambieje mume wangu mama arudi kwao bila ugomvi? – Mama Mchanga, Igogo*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kurudi kazini huku maziwa yanachuruzika kifuani na usiku hujalala si jambo dogo, na kinyaa ni cha kila mtu, hata aliyezaa kumi.

Sasa nisikilize. Nguo inafuliwa. Na katika barua yako yote, mtu aliyefanya jambo la maana ni huyo mama unayetaka arudishwe Ngudu.

Unaniambia umetupa moja mbili tu. Mistari michache mbele, mumeo ananunua nguo kwa mara ya tatu na mtoto hajafikisha hata miezi mitano. Nguo moja mbili hazimalizi kabati la mtoto. Umetupa nyingi, mwanangu, na mumeo amezihesabu kwenye mfuko wake. Mtu anayeamka alfajiri kugombea dagaa mwaloni akisema hanunui tena, mimi simuiti bahili. Halafu nguo zake yeye, zilizoloa maji ya samaki na kunuka mpaka mlangoni, ulishawahi kuzitupa korongoni? Unazifua. Ya mtoto imekushinda nini?

Nitakwambia kilichokushinda. Neno lililokaa moyoni mwako ni wapangaji. Umeona haya watu kujua kwamba mtoto wako ananya kama watoto wengine wote. Kila mama kwenye huo mlima ameshafua nguo ya manjano. Na kama ulizinunua kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, kama wengi tunavyofanya, basi zilishavaliwa na mtoto wa watu, zikanyewa hukohuko zilikotoka, zikafuliwa, na wewe ukazilipia ukaziona nzuri.

Mafumbo ya mama mkwe hukuyaandika, nami nimejiuliza kwa nini. Nakisia moja: mtoto akikunyea kiganja, hukikati kiganja. Kama ndilo hilo, hakukutukana. Alikujibu swali hili hili unaloniletea mimi.

Hebu fikiri alichofanya. Mama mtu mzima, mgeni mjini, anateremka korongoni kwenye takataka kuokota nguo za mjukuu wake, anazifua kwa mikono yake, na hagombi, kama ulivyoandika mwenyewe. Ngudu enzi zake maji yalikuwa ya kuhesabu ndoo. Mtu aliyelea watoto huko hawezi kuona nguo nzima imetupwa akapita.

Mahali alipokosea ni kushuka ziwani. Maji ya kando ya ziwa letu yana kichocho: vijidudu hutoka kwenye konokono wadogo na kuingia kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini. Na kinyesi kikisuuzwa humo kinawafikia wanaochota jirani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na sababu ni hizo hizo. Mweleze kwa adabu, umwekee madumu mawili ya akiba nyumbani asiwe na haja ya kushuka. Ila ujue kwamba korongo lako nalo mvua ikinyesha linateremsha kila kitu ziwani humo humo, na maji ya bomba ya mji huu yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo. Kutupa kwako ni kubaya kuliko kufua kwake.

Kufua kwenyewe ni hivi. Usiifunge nguo ukaiacha hadi kesho. Ikikauka na uchafu ndipo inapokushinda. Kwangua kinyesi kwa kijiti ukitupe chooni, maana cha mtoto kina vijidudu kama cha mtu mzima. Geuza nguo ndani nje, imwagie maji ya baridi upande wa nyuma wa doa ili uchafu usukumwe utoke kule ulikoingilia. Ya baridi, nasisitiza, kwa sababu maji ya moto mwanzoni hulikaza doa. Kisha paka sabuni ya mche juu ya doa lenyewe, sugua kitambaa kwa kitambaa, loweka kwenye beseni lake peke yake, fua, suuza mpaka maji yatoke meupe. Ukiona umanjano umebaki usikate tamaa. Ianike ingali mbichi, doa likitazama jua, na kama ni nguo nyeupe ikamulie limau kwanza. Doa la kinyesi cha mtoto mchanga hufifia juani hata siku hiyo hiyo. Lile jiwe lililokutia aibu ndilo mahali pazuri kuliko kamba ya kivulini.

Jik iwe ya nguo nyeupe, kidogo, na usiichanganye kamwe na limau wala kuimimina kwenye nepi yenye mkojo. Inatoa hewa inayochoma mapafu, na wewe una mtoto mgongoni. Ukianua piga pasi, hasa kwenye mishono, kwani kuna inzi hutaga kwenye nguo mbichi na funza wake huingia kwenye ngozi. Nguo iliyoota ukungu au kuchanika, hiyo kata tambara. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujamshika mtoto.

Mabinti wa siku hizi nawaonea huruma. Tunawafanyia kitchen party ya ukumbi mzima, tunawapa friji na masufuria, watu wanacheza mpaka usiku, na katika wote walioshika kipaza sauti hakuna aliyewaambia kwamba ndoa ina beseni la mavi ndani yake. Mnaingia mkidhani uchafu ni dalili ya kushindwa. Mama mkwe naye mmeshaambiwa ni adui kabla hata hajashuka kwenye basi, kwa hiyo akiinama kufua mnaona anawaumbua. Na waume tumewazoesha kukaa mbali. Wa kwako pia namlaumu hapo: anahesabu nguo zilizonunuliwa, lakini sijasoma popote kwamba aliwahi kufua hata soksi ya mwanawe. Mikono inayogeuza dagaa inaweza kusuuza nepi. Mwambie Shangazi kasema.

Ila lililonifanya niisome barua yako mara mbili ni lile ulilolipitia haraka. Mtoto alianza kuchafua hadi shingoni tangu uanze maziwa ya kopo. Wewe umeona tatizo la nguo, mama mkwe ameona tatizo la tumbo, na yeye ndiye aliyeona. Mtoto hadi miezi sita anatosheka na maziwa ya mama peke yake. Ya kopo yakikorogwa kwa maji yasiyochemka, au kwenye chupa isiyosafishika shingoni, humharisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mkumbushe mwajiri wako. Kamua asubuhi kwenye chombo kilichochemshwa, yanakaa kwa muda wa saa nne bila friji, na mama mkwe amnyweshe kwa kikombe kidogo. Hapo ndipo utakapojua kwa nini nakwambia usimfukuze: hayo maziwa ungemwachia nani?

Kwa hiyo neno la Ngudu usilipeleke kwa mumeo kabisa. Kaa na mama jioni, mshukuru kwa nguo, mwombe radhi, umuulize anaonaje kuhusu tumbo la mtoto. Na usiishie hapo, mpeleke mtoto kliniki kesho, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Lakini ukiona damu kwenye choo, mkojo umepungua, utosi umebonyea, macho yameingia ndani au amekataa titi, hata kesho usingoje. Nenda saa hiyo hiyo, usiku uwe usiku, na njia nzima uendelee kumnyonyesha.